Michemraba ya Jumatatu

Sura ya Saba

Inspekta alivua viatu, akavaa ovaroli ya mlinzi juu ya nguo zake, akaingia ndani ya birika alimofia fundi wa maabara. Maji yalimfika kiunoni. Yalikuwa baridi, yenye utando mweupe wa chokaa, na chini ya nyayo zake alihisi michemraba ya zege iliyopangwa safu kwa safu kama mikate kwenye tanuri.

Mtu mzima, mrefu kumzidi yeye, alikutwa humu Jumatatu saa saba mchana, uso chini. Taarifa ya kituo ilisema aliteleza, akajigonga kwenye ukingo, akazama. Daktari aliandika jeraha moja tu, kisogoni.

Inspekta aliinama kama mtu anayetaka kuokota mchemraba. Aliyeinama hivi akiteleza huanguka kifudifudi, na ukingo ungempata kwenye paji la uso. Marehemu alikutwa mikono ya shati imekunjwa hadi mabegani, kwa hiyo alikuwa kazini, ameinama, mgongo wake ukielekea mlangoni.

Alipiga hatua moja nyuma, na mguu wake ukakanyaga kitu cha mviringo kilichobingirika. Akakipapasa kwa mkono, akakitoa. Kilikuwa fimbo ya chuma, nene kama kidole gumba, ile inayotumika kushindilia zege bichi ndani ya kalibu. Ukutani palikuwa na misumari miwili ya kutundikia fimbo hizo, na mmoja ulikuwa mtupu.

Mlinzi, mzee mwenye meno machache na maneno mengi, alikuwa amesimama mlangoni akiangalia ovaroli yake ikilowa. Alieleza bila kuulizwa kwamba michemraba hiyo hulala majini siku ishirini na nane kabla ya kuvunjwa, na kwamba katika maisha yake hajaona kitu kinachooga sana kuliko hicho. Inspekta alipotoa ile fimbo majini, mzee aliacha kucheka. Alisema fimbo haikai humo. Marehemu alikuwa mtu wa mpangilio. Hata ufagio aliupa msumari wake.

Inspekta aliuliza ni nani aliyeingia Jumatatu kati ya saa tano na saa saba. Mlinzi akajibu kwamba hakuna mgeni hata mmoja. Mhandisi, mkuu wa maabara, alikuwemo, wakagombana na marehemu mpaka sauti zikafika getini, kisha Mhandisi akatoka kwenda kula. Zaidi ya hapo hakuna.

Neno hilo alilisema mara tatu, na mara zote tatu alitazama chini. Inspekta aliiweka ile fimbo ndani ya mfuko wa ushahidi, akamshukuru, akaenda kumtafuta Mhandisi.

*

Mhandisi alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja. Alikuwa kwenye chumba cha mashine, akishika kitambaa cha kufutia mafuta, lakini hakuwa anafuta chochote. Alimkaribisha Inspekta kiti kilichokuwa na vumbi la saruji, akaomba radhi kwa vumbi, akalifuta kwa mkono wake mwenyewe.

Ugomvi hakuukana. Alisema marehemu alimjia Jumatatu asubuhi akatamka jambo ambalo mtu hamwambii mwenzake aliyefanya naye kazi miaka tisa.

"Aliniambia, watoe watoto mle bwenini. Nikamuuliza, kwa nini? Akasema zege lako litawaua."

Aliyosema baadaye aliyasema haraka, kama mtu anayetapika. Yeye alimdhania mwenzake ana kijicho, maana jina la marehemu halikuwekwa kwenye ripoti ya zege lao jipya. Alimtaka ushahidi. Marehemu akajibu kwamba ushahidi ataupata baada ya chakula cha mchana. Mhandisi akatoka kwa hasira, na aliporudi akamkuta yumo birikani.

Alikuwa na funguo, alikuwa na hasira, na alikuwa wa kwanza kuuona mwili. Inspekta aliyaandika yote matatu. Kisha akamwomba amweleze hilo zege kama anavyomweleza mtoto wa shule.

Hapo uso wa Mhandisi ulibadilika. Alisimama. Alimweleza kwamba mashine za kukoboa mpunga hutupa pumba milima kwa milima, taka ambazo watu huzichoma kando ya barabara na moshi wake hukohoza mtaa mzima. Lakini pumba hizo zikichomwa taratibu ndani ya tanuri lililofungwa, kwa joto linalopimwa, lisizidi wala lisipungue, hutoa majivu yaliyopauka ambayo yakisagwa laini huweza kushika nafasi ya saruji. Katika kila mifuko mitano ya saruji, mmoja unaacha, unaweka majivu. Nyumba inakuwa rahisi kwa mtu wa kipato kidogo, na zege linakuwa gumu kuliko la kawaida. Bweni la wasichana lilikuwa jengo la kwanza la ghorofa tatu kujengwa hivyo.

Alikwenda birikani, akatoa mchemraba mmoja wa akiba, akaufuta, akauweka kwenye mashine ya kuvunjia. Ubavuni ulikuwa umeandikwa kwa msumari tarehe na neno *bweni*. Mshale wa saa ya mashine, ile inayopima mgandamizo, ukaanza kupanda. Ulipanda, ukapanda, mpaka Inspekta akajikuta amerudi ukutani. Kisha ukatoka mlio kama mfupa mkubwa unaovunjika, na vipande vikagonga wavu.

"Umeona ulipofika?" alisema Mhandisi. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Huo ndio ubavu wa bweni. Marehemu alikuwa akivunja mwenyewe, kila wiki. Mchemraba unasema kweli, Inspekta."

Inspekta aliokota kipande. Ndani kilikuwa na rangi ya kijivu iliyopauka, kama pamba iliyochakaa. Aliuliza pumba zikichomwa ovyo, kwenye lundo, inakuwaje. Mhandisi alijibu kwamba hayo si majivu tena, ni makaa, yanatoka meusi. Ukiyatia kwenye zege yanakunywa maji yote, saruji inabaki na kiu, na zege linakuwa kama biskuti iliyolowa.

"Tanuri lako linatoa kiasi gani?"

"Gunia moja kwa siku."

"Bweni lilikula magunia mangapi?"

"Mia nne na kitu."

"Na lilijengwa siku ngapi?"

Mhandisi alihesabu kwa vidole. Miezi mitano. Wote wawili walikuwa wanajua kuhesabu. Mhandisi alisema kwamba msimamizi wa ujenzi, yule wanayemwita Nondo kwa wembamba wake, alijenga tanuri la pili kule kwenye eneo la kazi. Yeye alikwenda kuliona siku moja. Lilikuwa limekamilika, zuri kabisa. Halikuwa limewashwa.

Inspekta aliuliza kama alilirudia likiwa linawaka. Hakulirudia. Hakuona haja. Kila Jumatatu michemraba ililetwa kutoka kwenye ujenzi, na kila mchemraba ulikuwa mgumu kuliko wa wiki iliyotangulia.

"Nani aliyekuwa anaileta?"

"Nondo. Mwenyewe. Hata sasa bado analeta ya uzio na ya vyoo."

Inspekta alirudi getini akiwa bado na ovaroli iliyolowa. Alimuuliza mlinzi kama Jumatatu Nondo hakuja.

"Alikuja, afande," mzee alisema. "Alikuja na toroli lake kama saa sita. Umeniuliza wageni. Nondo si mgeni, ni wa kila Jumatatu."

Mara akaielewa kauli yake mwenyewe. Inspekta alimwona akiangalia ule mlango wa maabara, na alijua mzee huyo hatalala usingizi mzuri kwa siku nyingi.

*

Nyumbani kwa marehemu majirani walikuwa wamekaa ukumbini, na Inspekta alipopita alisikia mazungumzo yakinyamaza na kuanza tena nyuma yake. Jambo lenyewe lilikuwa binti. Jumapili baba yake alimtoa bwenini na godoro kichwani, mchana kweupe, bila kumuaga mtu. Jirani mmoja alikuwa na uhakika amefukuzwa. Mwingine alisema msichana wa miaka kumi na minne hafukuzwi bila sababu, na sababu huonekana baada ya miezi tisa.

Mjane alimpokea chumbani. Hakuwa analia. Alikuwa amechoka kiasi cha kushindwa kulia. Alisema mumewe alikuja Jumapili jioni na mtoto, akala, akasali, akakaa macho. Alipomuuliza kulikoni, alijibu kwamba ana jambo la kazini na atalimaliza kesho. "Nikajua wamegombana na bosi wake. Nikamwambia, mume wangu, muachie Mungu. Akasema, hili Mungu ameniachia mimi."

Binti alikaa kwenye kona, juu ya godoro hilohilo lililokunjwa. Inspekta alimsogelea, akakaa chini, sakafuni, ili asimtazame kutoka juu. Akamwomba amweleze Jumapili, pole pole, kuanzia baba alipofika.

Binti alieleza. Ilikuwa siku ya wazazi kutembelea. Walikaa chini ya ngazi kwa sababu ya jua. Fundi wa umeme alikuwa ametoboa nguzo hapo ili kupitisha waya, na tundu lilikuwa halijazibwa. Baba alikuwa anacheka, anamtania kwamba amenenepa kwa uji wa shule. Kisha akaliona lile tundu. Akaacha kucheka. Akatoa msumari mfukoni, akachokonoa. Akachokonoa tena. Kikatoka kipande, akakifunga kwenye leso. Mikono yake ilikuwa imechafuka, akaifuta kwa taulo la binti yake.

"Akaniuliza nalala ghorofa ya ngapi. Nikamwambia ya chini, karibu na mlango. Akasema, kachukue godoro lako. Nikamwambia, baba, na wenzangu?"

Akaanza kukunja pembe ya godoro. Mama yake akamwambia amjibu mama Inspekta.

"Akasema, wenzako kesho."

Taulo lilikuwa bado kwenye begi. Lilikuwa la rangi ya waridi, na katikati palikuwa na alama za vidole vinne, nyeusi kama za mtu aliyeshika chungu. Inspekta aliomba beseni la maji. Alitumbukiza pembe moja tu ya taulo, akaisugua. Mchanga ulizama. Weusi ulipanda juu, ukaelea, ukasambaa kama masizi, mpaka uso wote wa maji ukawa mweusi. Aliinusa. Ilinuka makaa.

Leso na kile kipande havikuwa miongoni mwa vitu vilivyokutwa kwa marehemu. Aliyevichukua alijua ni vitu gani.

Michemraba ya Jumatatu ilikuwa imepauka na nguzo za bweni zilikuwa nyeusi. Mtu alikuwa akitengeneza michemraba kwa majivu mazuri ya maabara, akiandika juu yake jina la nyumba isiyohusika. Mashine ilisema kweli wiki zote hizo, ila ilikuwa inaulizwa habari za nyumba nyingine.

Inspekta alimuuliza binti, kwa sauti aliyoilazimisha kuwa ya kawaida, wenzake waliobaki ni wangapi. Binti alisema mia mbili na kumi. Kisha akasema kwamba leo wenzake wanafurahi sana, kwa sababu leo saa kumi matangi ya juu ya paa yanajazwa kwa mara ya kwanza, na hawatabeba tena ndoo.

Inspekta aliangalia saa yake. Ilikuwa saa tisa kasoro robo.

*

Simu ya Mwalimu Mkuu iliita bila kupokelewa. Ya Mhandisi ilipokelewa mara moja, na Inspekta alimwambia maneno manne tu: njoo bwenini sasa hivi. Njia nzima aliendesha akiomba kimoyomoyo, ombi moja bila mapambo: Mungu wangu, nifike.

Alipofungua mlango wa gari alisikia pampu. Haikusubiri saa kumi.

Bweni lilisimama peke yake nyuma ya madarasa, ghorofa tatu, limepakwa rangi ya maziwa. Juu ya paa yalikaa matangi mawili meusi, kila moja la lita elfu kumi, yaani tani kumi za maji. Madirishani palining'inia sare zilizofuliwa, na kutoka kila chumba ziliruka sauti za wasichana waliotoka masomoni.

Aliingia chini ya ngazi. Tundu lilikuwa limezibwa kwa plasta mpya, bado na unyevu. Aliikwangua kwa ufunguo wa gari. Plasta ilitoka, na nyuma yake ufunguo ukaingia kwenye nguzo. Uliingia mpaka kwenye shingo yake, bila kulazimishwa. Alipouvuta, punje nyeusi zilimwagika juu ya kiatu chake na ziliendelea kumwagika hata baada ya yeye kuacha.

Kisha akasikia kitu. Kilikuwa kidogo, kama mtu anayegonga ukucha kwenye sahani. *Tk.* Kimya. *Tk.* Kilitoka ndani ya nguzo. Juu ya kichwa chake wasichana walikuwa wanakimbizana, na kila walipopita, sauti ile ilijibu.

Hakukimbia. Alitoka kwa mwendo wa kawaida, akaenda kwenye kibanda cha pampu, akaizima mwenyewe huku mtu wa pampu akimshangaa, kisha akaishika kengele ya shule na kuipiga kwa mkono wake.

Walitoka wakilalamika. Mmoja alikuwa na povu la sabuni kichwani. Mwingine alitaka kurudi kuchukua viatu, Inspekta akamshika mkono hakumwachia. Aliwahesabu mara mbili. Wawili walikosekana, wakaletwa kutoka ghorofa ya tatu wakiwa wamejifunga kanga, walikuwa wanaoga kwa maji mapya. Mia mbili na kumi. Hapo tu ndipo alipoiweka kengele chini.

Mwalimu Mkuu alikuja akiwa amekasirika, mama mnene mwenye chaki kwenye mikono. Aliuliza, dada, wewe ni nani wa kunitolea watoto mwili wazi? Alipoambiwa hakuamini. Alisema jengo lina barua ya maabara, lina mhuri, na hana pa kuwalaza watoto mia mbili jioni hii. Bodi ya shule ilimwambia kwenye simu kwamba polisi hawafungi jengo. Jengo hufungwa kwa barua ya mhandisi. Bila hiyo barua, saa kumi na mbili watoto watarudi ndani. Na kwa habari ya maji, akasema, amezungushwa vya kutosha. Wiki sita msimamizi alikuwa na kisingizio kila siku. Leo bomba halijafika, kesho vali inavuja. Leo asubuhi yeye mwenyewe alimwagiza mtu wa pampu ajaze.

"Huyo msimamizi yuko wapi?" Inspekta aliuliza.

Mwalimu Mkuu alionyesha kwa kidevu. Nondo alikuwa amesimama kwenye uzio, mbali na wote, mtu mrefu mwembamba aliyevaa kofia ya plastiki ya ujenzi. Alikuwa amefika mchana kuzuia pampu, wakamkatalia. Tangu hapo hakuondoka, wala hakusogea.

Wakati huohuo Mhandisi alifika, miwani ikiwa imepinda, amelowa jasho. Inspekta alimwonyesha ufunguo wenye weusi. Alimweleza habari ya taulo. Mhandisi alisikiliza akitikisa kichwa, si kwa kukataa bali kama mtu anayefukuza nzi. Alisema haiwezekani. Nguzo moja inaweza kuwa na kasoro, doa, uchafu wa fundi umeme. Michemraba sitini ilivunjwa mbele ya macho yake. Hataandika barua ya kuua kazi ya miaka tisa kwa sababu ya taulo.

"Lile jengo ni langu," alisema. "Nitapanda mwenyewe mpaka juu, na matangi yajazwe nikiwa kando yake. Nondo! Twende!"

Inspekta alimshika mkono. Mhandisi akajinasua. Alivuka uwanja, akaingia mlangoni bila kusita, na wakamwona kupitia madirisha ya ngazi akipanda, ghorofa ya kwanza, ya pili.

Nondo hakutikisika.

Hapo Inspekta alielewa nusu iliyobaki. Mtu aliyeamini ile michemraba alikuwa amekwenda kusimama kando ya matangi. Aliyeitengeneza alikuwa amebaki uzioni. Alimwendea bila haraka, akasimama mahali ambapo angeweza kuuona uso wake na bweni kwa pamoja.

"Mhandisi amekuita," alimwambia.

"Nimemsikia, afande." Sauti yake ilikuwa ya upole. "Mguu unaniuma."

Juu ya paa Mhandisi alitokea, mdogo kati ya yale matangi mawili. Alimpungia mkono mtu wa pampu na kupiga kelele awashe. Mtu wa pampu alimtazama Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu alikubali kwa kichwa, na pampu ikaanza kunguruma kabla Inspekta hajafungua mdomo.

Angeweza kupaza sauti. Alikuwa na mamlaka ya kutosha kuizima pampu, ila hayakutosha kulifunga bweni. Saa kumi na mbili watoto wangerudi ndani, na kulizuia hilo alihitaji barua ya Mhandisi, ambayo ingetolewa tu na maneno ya mdomo wa Nondo.

"Zimeni," alisema Nondo kwa sauti ndogo.

"Kwa nini?"

"Waambie wazime, afande."

"Sema kwa nini, nitawaambia."

Nondo alivua kofia yake. Maji yalisikika yakigonga ndani ya plastiki kule juu. Mhandisi alikuwa amesimama wima, mikono kiunoni, kama mtu aliyesimama kwenye kibaraza cha nyumba yake. Kutoka upande wa bweni ilikuja ile sauti, na safari hii walio uwanjani waliisikia pia, maana wasichana wa mbele walinyamaza. *Tk.* Halafu mbili kwa mfululizo.

"Chini kuna nguzo sita," Nondo alisema. Maneno yalikuwa yanatoka yakigongana. "Nne hazina kitu. Ni pumba zilizochomwa kwenye shimo. Tanuri halikuwaka hata siku moja, lingekula muda, na bodi walikuwa wananisukuma, maliza, maliza. Michemraba nilikuwa namiminia nyumbani. Nilitaka kuzivisha nguzo vyuma, afande, nilishaanza kutafuta vyuma. Nilimwomba marehemu wiki moja tu. Nikampigia magoti pale kwenye birika. Akaniambia, hata usiku mmoja sikupi. Akanigeuzia mgongo, akainama kutoa mchemraba amwonyeshe bosi pamoja na kile kipande cheusi. Wiki moja tu nilimwomba. Zimeni hiyo pampu!"

Inspekta aliinua mkono. Pampu ilizimwa.

Mwalimu Mkuu alikuwa amesogea nyuma yao, na alikuwa amesikia yote. Aliziba mdomo kwa mkono wenye chaki. Inspekta alimfunga Nondo pingu kwenye nguzo ya chuma ya uzio bila kumtazama, kwa sababu macho yake hayakuwa na nafasi ya mtu mwingine zaidi ya yule aliyekuwa juu ya paa.

Mhandisi aliona pampu imezimwa. Aliona wasichana mia mbili wakimtazama. Aliona pingu. Alikaa kitako pale juu kwa muda ambao Inspekta aliuona mrefu kupita kiasi, kisha akainama, akavua viatu.

Akaanza kushuka. Walimwona kwenye dirisha la ghorofa ya tatu, viatu mkononi, mguu mmoja ukitafuta ngazi kabla ya mwingine kuiachia, kama mzazi anayepita chumba alicholala mtoto mchanga. Alipotea. Akaonekana ghorofa ya pili. Pale akasimama, kwa sababu kipande cha plasta kilianguka mahali fulani ndani na kuvunjika sakafuni. Msichana mmoja alianza kusali kwa sauti, wengine wakamfuata, na Inspekta akagundua kwamba midomo yake mwenyewe inatembea pamoja nao.

Akaonekana ghorofa ya kwanza. Kisha dirisha likabaki tupu.

Alitokea mlangoni. Hakukimbia hata alipofika kwenye mchanga. Alizidi kutembea vilevile, kwa ncha za vidole, mpaka akafika alipo Inspekta. Alinyoosha mkono kuomba kalamu na karatasi. Aliandika barua ya kulifunga bweni akiwa amepiga magoti, karatasi juu ya goti lake, mistari miwili, akaweka sahihi, akampa Mwalimu Mkuu.

Mwalimu Mkuu hakuisoma. Aliwaamuru wasichana wasogee hadi uwanja wa mpira, na wakasogea wote kwa pamoja, hatua kwa hatua, wakitembea kinyumenyume. Bweni lilikuwa bado limesimama, sare zikipepea madirishani, na hakuna aliyethubutu kuligeuzia mgongo.